Mpira wa Babu na Udhu Wake

Babu yangu alikuwa msafi mpaka akawa kero. Punda wetu hakuingia uani kabla ya kuoshwa miguu. Nazi ikidondoka kwenye matope, aliisuuza kisimani kabla ya kuifua, ingawa nazi ina kumbi na hakuna mtu anayekula kumbi. Birika lake la bati halikuwa mbali naye hata siku moja. Bibi alikuwa akimwambia, "Siku ukifa wewe, waosha maiti watakosa kazi." Naye alicheka, kisha akaenda kunawa.

Nilikulia kwao, Kirongwe huko Mafia, kwa sababu mama yangu aliolewa upya kisiwani Bwejuu na mimi nilikataa kuhama. Nilikuwa na miaka sita na nilikataa kwa kujilaza chini mlangoni. Bibi akasema, "Mwacheni, huyu ni mke mwenzangu," na tangu siku hiyo hakuniita vingine. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, na bibi ana haki ya kumwonea wivu. Haki hiyo Bibi aliitumia barabara. Nikimpelekea Babu kahawa, alisema, "Haya, bi harusi kaleta kahawa. Mie mkongwe nikalale na kuku."

Miaka ya Ujamaa ilinikuta msichana mkubwa. Sehemu ya minazi ya Babu ilikuwa imeingia kwenye shamba la kijiji, jambo alilolipokea kwa kununa siku tatu na kisha kwa kwenda kuwafundisha wenzake namna ya kupanda kwa nafasi. Kijiji kikajenga zahanati, wakataka mtu wa kusaidia pale, nami nikapelekwa Kilindoni kwa mafunzo ya miezi michache. Nilirudi na gauni jeupe na maringo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchemsha sindano. Zilikuwa za kioo wakati ule, tunazichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na ole wake anayezigusa kabla sijasema zimeiva. Mganga wetu wa zahanati, kijana wa kutoka bara kwenye milima ya baridi, alinipenda kwa hilo. Alisema hajaona mtu anayewachukia wadudu kama mimi.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Zahanati ilikuwa na vidonge tulivyoviita rangi mbili, kichwa rangi hii na mkia rangi ile. Vilikuwa vikali na vilikuwa na sifa. Mgonjwa aliyepewa alitembea navyo mkononi ili watu waone. Mimi, kila nilipopata upenyo, nilifunga viwili vitatu kwenye karatasi nikampelekea Bibi. Sikuuita wizi. Niliuita heshima kwa wakubwa. Bibi aliviweka kwenye kopo la chai, na mtu yeyote aliyekuja kulalamika, iwe jino, iwe goti, iwe mume, alipewa viwili na maji. Aliyekula vingi kuliko wote ni Babu. Akiumwa mgongo, viwili. Akipiga chafya, kimoja. Akijisikia nafuu anaacha, mpaka mgongo ukumbuke tena. Na mimi nilikuwa nikiona fahari, wallahi, kwamba nyumba yetu ina dawa.

Ugonjwa wake halisi ulipokuja, aliuficha. Mkojo ulikataa kutoka. Mtu kama yeye angemwambia nani? Alikwenda chooni na birika lake akarudi, akaenda akarudi, mpaka Bibi akaacha kazi aliyokuwa nayo akamwangalia. Kesho yake asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, na jasho linamtoka kidevuni. Tulimpakia kwenye trekta la kijiji, ambalo lililetwa kulima shamba la pamoja na likaishia kubeba wagonjwa na maharusi, tukampeleka hospitali ya Kilindoni. Kila trekta liliporuka shimo, Babu alifumba macho, na Bibi alimfokea dereva kama ndiye aliyelichimba shimo lile.

Walimwingiza mpira. Naueleza kwa asiyeujua: ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka kwenye kibofu, ukaachwa humo humo. Nje unaungana na mrija mwingine unaoteremka kwenye chupa. Mkojo ulipoanza kushuka, Babu alilia kwa raha bila kuona haya. Daktari akatuambia tezi imevimba, imeziba njia, na dawa yake ni kupasuliwa Dar es Salaam. Nafasi ikipatikana ataitwa. Mpaka hapo atakaa na mpira, na zahanati yetu imtunze.

Mganga wetu alimweleza kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Hapa mirija inapoungana, pasifunguliwe. Chupa ikijaa, mjukuu wako ataimwaga kwa chini. Wewe usiguse kitu."

"Marahaba mwanangu," alisema Babu. "Nimesikia."

Na kweli alisikia. Babu hakuwa na tatizo la masikio.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za vichekesho. Babu aliona aibu kubeba chupa mbele za watu, basi Bibi akasuka kikapu kidogo cha ukindu chenye mfuniko na mshipi, chupa ikakaa humo. Ukimwona ungedhani anakwenda dukani. Bibi alikuwa akimkagua mlangoni: "Mke mwenzangu, mtazame bwana wetu. Uzeeni kaanza kubeba mkoba." Alikuwa akimkandamiza kwa utani mchana kutwa, na jioni alimmenyea machungwa akampa kipande kimoja kimoja. Nilimpenda sana Bibi siku zile.

Kisha homa ikaja. Ilianza kwa baridi, meno yanagongana mpaka kitanda cha kamba kikalia. Tukasema malaria, nani asiyesema malaria Mafia? Tukampa klorokwini. Ikatulia siku moja, ikarudi na hasira. Mganga akapiga sindano za penisilini, nikizichemsha mwenyewe, nikihesabu dakika kwa midomo. Haikushuka. Mkojo kwenye chupa ukawa na mawingu na harufu. Babu akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

Mganga akanitoa nje. "Nadhani wadudu wamepita kwenye mpira wakaingia kwenye damu," alisema. "Ngoja nimpe rangi mbili, kozi nzima."

Nikanyamaza. Siku mbili nikanyamaza, Babu anameza rangi mbili na homa inapanda vilevile, mpaka mganga mwenyewe akaja akaniuliza, "Dada, huyu mzee amewahi kutumia dawa hii?"

Ningeweza kusema sijui. Nilitazama miguu yangu, nikamwambia yote, kopo, karatasi, viwili vya mgongo na kimoja cha chafya. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa akasema, "Basi wadudu wake wameshaizoea. Tunawapiga kwa fimbo ambayo wameichezea miaka mitatu."

Alisema ipo sindano nyingine, hatunayo sisi, labda Kilindoni kabatini kwa mganga mkuu. Atapanda baiskeli aende akaombe. Lakini kuna jambo moja halimkai akilini. Wadudu waliingiaje? Mpira ulikuwa umefungwa vizuri, chupa naimwaga mimi, na mimi ananijua. "Mchunguze mzee wako," akaniambia, akapanda baiskeli.

Nilikwenda nyumbani alasiri. Nilipita nyuma, upande wa dirisha la chumba chake, kwa sababu nilitaka kulia kidogo kabla ya kuingia. Adhana ndiyo kwanza imekwisha. Nikamwona Babu amekaa ukingoni mwa kitanda, anatetemeka, birika limewekwa mbele yake. Alishika pale mirija inapoungana, akaivuta, ikaachana. Akauinamisha ule wa chini ukamwagika kwenye beseni. Kisha akaumiminia maji ya birika ndani, maji yaleyale ya kisima, akausuuza mara tatu kwa hesabu, akautia ncha ya kidole akausugua, akaunganisha tena. Akachukua udhu, uso, mikono, kichwa, miguu. Akageukia kibla akaswali amekaa.

Mara tano kwa siku. Wiki zote zile.

Naandika hili kwa aibu: nilimfokea babu yangu. Niliingia kwa kishindo hata kabla hajamaliza nyiradi zake, nikamwambia anajiua, ametudanganya, mganga yuko njiani anavunjika mgongo kwenye baiskeli kwa ajili yake na yeye huku anajimiminia kisima kizima mwilini. Nina hasira za haraka, sijawahi kukataa. Bibi alikuwa kizingitini anapeta mchele, akasimamisha ungo.

Babu alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Homa ilikuwa imemwachia akili safi saa ile. "Keti," akasema. Nikaketi. "Mkojo umetoka mwilini, umesimama kwenye mpira, na mpira nimeuvaa. Ni najisi nimeibeba. Nitasimamaje mbele ya Mola wangu na najisi nimeifunga pajani? Umekaa humu ndani tangu mdogo, umeniona siku moja nimeswali hivyo?"

"Babu, wadudu wanaingia hapo unapofungua."

"Wewe unachemsha sindano zako kwa kuwaogopa wadudu usiowaona. Mimi namwogopa Nisiyemwona. Tumepishana nini?"

Nilimwambia tu kwamba dawa inayokuja ndiyo ya mwisho, hakuna nyingine nyuma yake, na kama ataendelea kufungua mpira haitamsaidia kitu. Akasema, kwa upole kabisa, kama anayeniagiza sukari, "Basi nife na udhu wangu, mjukuu wangu. Usiwe na kinyongo."

Nikaona anakufa. Nikaona kabisa, kwa macho, kitanda kile kitupu. Na nikajua kwamba hakuna maneno ya zahanati yatakayomgeuza, kwa sababu mtu huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa mcha Mungu, na mimi ndiye niliyemjaza rangi mbili mpaka penye dawa pakawa hapana dawa.

Bibi akauweka ungo chini. Aliingia akakaa kwenye kigoda, akajifuta unga wa mchele mikononi kwa kanga. Alizungumza na Babu bila kunitazama.

"Unakumbuka mtoto wetu wa pili, aliyekaa siku tisa?"

Babu akasema anakumbuka.

"Arobaini ya uzazi ilikwisha, damu haikukatika. Ikaendelea. Mwezi, miezi. Ukaniambia nisikanyage msala wako wa kuswalia."

"Ulikuwa na ada yako."

"Haikuwa ada. Ada, damu ya mwezi, ina siku zake. Ile ilikuwa maradhi. Nilikwenda kwa mwalimu wangu aliyenisomesha Kurani, yule bi mkubwa, nikamwuliza nifanye nini, maana roho yangu ilikuwa ikiona kiza bila sala. Akaniambia: mwenye damu isiyokatika na mwenye mkojo usiokatika hukumu yao ni moja. Wakati wa sala ukiingia, jisafishe kwa nje, jifunge kitambaa vizuri, chukua udhu, swali hapo hapo. Kinachotoka baada ya hapo hakikuhusu. Mungu hakukuomba ukizuie usichoweza kukizuia."

Nilisikia maji ya beseni yakitikisika kwa sababu kitanda kilikuwa kinatetemeka.

"Kwa hiyo nikaswali," alisema Bibi. "Mwaka mmoja na miezi minne. Sala tano kila siku, na Ramadhani mbili nilifunga."

"Wapi?" akauliza Babu. "Mimi sikukuona."

"Bandani, kwenye mbata. Juu ya gunia. Msala si ulinikataza?"

Banda lile lilikuwa nyuma ya nyumba, tulimokaushia nazi. Kulikuwa na moshi, panya na ile harufu tamu nzito ya mbata inayoshika kwenye nywele. Mimi nilikuwa sikai mle zaidi ya muda wa kuchota kumbi za kuwashia moto.

"Mbona hukuniambia?" akasema Babu.

"Hukuniuliza."

Bibi akainuka. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo kabla wala baada. "Sasa nakuuliza mimi. Sala zangu zile zilipokelewa au hazikupokelewa? Kama zilipokelewa, acha huo mpira kama ulivyo, ujipanguse nje, uswali kama nilivyoswali mimi. Kama hazikupokelewa, niambie leo, nijue nimekaa mle bandani bure."

Nilimtazama Babu. Ana midomo mikavu, ndevu zimemshikana kwa jasho. Alikuwa mtu anayeweza kutoa jibu la jambo lolote la twahara kabla hujamaliza kuuliza. Sasa akaliinua birika kwa mikono miwili, nusura limponyoke, akanipa.

"Litoe," akasema.

Mganga alirudi kesho yake mchana, amechafuka vumbi mpaka kwenye kope, na vichupa vichache vya ile sindano vimefungwa kwenye shati lake la pili. Tuliutoa mpira wa zamani tukaweka mpya nilioupika mpaka maji yakakauka mara moja nikaongeza mengine. Nilifunga ile sehemu ya kuungana kwa plasta, mizunguko mitatu. Babu alitazama juu kwenye makuti wakati wote. Wakati wa sala Bibi alimpangusa kwa nje, akambadilishia kitambaa safi, akamtilia udhu kwa kikombe, na Babu akaswali na chupa ikiwa imening'inia kitandani. Siku ya kwanza aliswali analia. Siku ya pili alitetemeka kidogo kuliko siku ya kwanza. Siku ya tatu sikulala wala sikula, nikimshika kipaji cha uso kila saa mpaka akanisukuma mkono akasema, "Wewe msichana, una mkono wa baridi kama pweza." Nikatoka nje nikacheka peke yangu uani, na punda ananitazama.

Kopo la chai nililirudisha zahanati mwenyewe. Lilikuwa na vidonge kumi na saba. Mganga alivimwaga kwenye choo, akaniachia kopo, akaniambia niendelee kuchemsha sindano. Hakusema tena habari ile, na nilimwombea dua kwa miaka mingi ingawa hakuwa wa dini yetu. Bibi alipoulizwa na majirani rangi mbili zimekwenda wapi, alijibu kwamba mke mwenzake amekuwa mchoyo.

Babu alipoweza kusimama, tulidhani atataka kwenda msikitini. Alivaa kanzu, akashika fimbo, nami nikabeba kikapu chenye chupa, nikitembea nimeinama pembeni yake ili kisipande juu, mkojo ukarudi ndani. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Lakini hakwenda njia ya msikiti. Alizunguka nyumba, akashika njia ya nyuma, akasukuma mlango wa banda.

Bibi alitoka jikoni akatufuata. "Unatafuta nini humo? Utachafuka."

Babu alikuwa amesimama katikati ya mbata, anatazama kila kona. "Ulikuwa unaswali upande gani?"

Bibi akanyoosha kidole. "Pale," akasema. "Penye ule ufa wa ukuta. Ndiyo kibla."

"Na gunia?"

Akalichukua moja kwenye rundo, akalikung'uta, vumbi likatujaa puani, akalitandika. Babu, aliyekuwa akimwosha punda miguu, alivua viatu akakanyaga gunia la mbata. Akakaa, maana kusimama muda wote bado hakuweza, akaelekea kwenye ufa, akaswali rakaa zote nne na vumbi limemshika kwenye kanzu.

Alipotoa salamu kulia na kushoto, hakuinuka. Aliupitisha mkono juu ya gunia, akawa anachezea uzi uliofumuka.

"Mwaka mzima," akasema.

"Na miezi minne."

"Nisamehe, mke wangu."

Bibi alikuwa na jibu la kila kitu, utani hata msibani. Safari hii alishika tu ncha ya kanga yake. Kisha Babu akajivuta polepole kwa makalio mpaka pembeni, akaiacha nafasi katikati ya gunia, naye Bibi akavua ndara akaja akaketi. Ningetoka niwaachie faragha yao, lakini chupa nilikuwa nimeishika mimi.